Kichekesho cha punda kumi: mizaha ya makabila huzaliwa wapi?

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa wenye elimu ya mambo haya, kwa kuwa jambo lenyewe limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita na sijapata mtu wa kunitegulia.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi barazani huku Mji wa Kale, muuza kahawa akipita na dele lake huku vikombe vikilizana mkononi, na mzee mmoja akatusimulia kisa cha mtu wa Lamu aliyetumwa kupeleka punda kumi shambani. Njiani alimpanda mmoja, akawahesabu, akapata tisa. Akaingiwa na hofu, akashuka, akahesabu tena, akapata kumi. Akipanda, tisa; akishuka, kumi. Mwisho aliamua kutembea kwa miguu hadi shambani, kwa hoja kwamba ni heri miguu iume kuliko kupoteza punda kila anapopanda. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika, nami nilicheka pamoja nao.

Siku chache baadaye nilipanda matatu pale Mwembe Tayari nikirudi Kisauni, na makanga akawa anawachekesha abiria kwa kisa hicho hicho, ila punda walikuwa wamegeuka kuku, mtu wa Lamu amegeuka Mluhya, na yule kuku wa kumi asiyehesabika alikuwa amebanwa kwapani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kisa hiki nilikisikia kwanza kwa marehemu nyanya yangu kikiwa ni kisa cha Abunuwasi, ambaye hakuwa mtu wa Lamu wala Mluhya.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na muhula huu tumo katika fasihi simulizi. Darasa langu ni la Mombasa halisi, yaani wamo Wagiriama, Wadigo, Waswahili, Wakamba, Waluo, Wakikuyu na wengineo. Niliwaagiza waandike vichekesho wanavyovisikia nyumbani na njiani, na nilipokusanya madaftari nilikuta vilivyo vingi vina kabila la mtu ndani yake: Mkikuyu anayefufuka kwa mlio wa sarafu, Mluo na majisifu yake, Mkamba na uchawi, Mhindi na Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, kwa uchoyo, mtu wa Pwani na usingizi wake chini ya mnazi. Msichana mmoja akaniuliza ni nani aliyevitunga vyote hivi. Sikuwa na jibu ila kumwambia kwamba lisemwalo lipo, jibu ambalo nililijutia kabla sijamaliza kulitamka.

Swali langu ni hili: je, iko njia ya kufuata nyayo za kichekesho kama hiki hadi kilikotoka? Vililetwa na majahazi, vililetwa na wakoloni, au tumevitunga wenyewe? Na imekuwaje kisa kimoja kikavishwa watu wa aina mbili ndani ya juma moja, katika mji mmoja?

Msomaji wa Makadara

Wa alaykum salaam, Maalim. Punda wako wana umri mkubwa kuliko baraza ulilokalia, na wataalamu wa ngano wamekwisha kuwaorodhesha. Mwaka 1910 mtaalamu wa Ufini, Antti Aarne, alitoa orodha ya ngano kwa namba; Mmarekani Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na tena 1961, na mwaka 2004 Mjerumani Hans-Jörg Uther akaipitia upya. Visa vya wajinga vimewekwa kuanzia namba 1200 hadi 1349. Mjinga asiyemwona punda aliyempanda ni 1288A, na jirani yake, namba 1287, ni watu wasioweza kujihesabu kwa sababu kila mmoja hujisahau. Hiki cha pili Waingereza walikichapisha katika karne ya 16 kikiwahusu watu wa kijiji cha Gotham: wanaume 12 walikwenda kuvua samaki, na walipotaka kurudi kila mmoja akahesabu 11, wakaanza kumlilia mwenzao waliyedhani amezama. Waturuki humpandisha punda yule Nasreddin Hoca, Waarabu humpandisha Juha, nasi tukampandisha Abunuwasi, jina tulilolichukua kwa mshairi wa kweli wa Baghdad, Abu Nuwas, aliyefariki yapata mwaka 815 na ambaye, kwa nijuavyo mimi, hakuhesabu punda wa mtu yeyote.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, uko mkusanyo wa vichekesho wa Kigiriki uitwao Philogelos, wa karne ya nne au ya tano hivi, wenye vichekesho 265. Humo wapo watu wa miji mitatu waliofanywa wajinga wa dunia: Abdera, Kyme na Sidoni. Kimoja cha Kyme ni hiki: mtu mashuhuri anazikwa, mpita njia anauliza, "Aliyefariki ni nani?" na mmoja wa wasindikizaji anageuka, anaonyesha kwa kidole, anajibu, "Ni yule aliyelala kwenye jeneza." Nilikisikia kichekesho hiki hapa Mombasa miaka mingi kabla ya kukisoma, na aliyenisimulia aliapa kwamba yalitokea kwa jirani yake.

Sasa lile swali lako la kwa nini kisa kinavishwa huyu na huyu. Christie Davies, mwanasosholojia wa Wales, alilishughulikia sana, na mwaka 1990 alionyesha jambo ambalo mtu halitarajii. Anayefanywa mjinga katika vichekesho mara nyingi si adui, wala si mgeni wa mbali. Ni jirani wa pembeni, mtu tunayefanana naye kwa mengi, anayesema lugha yetu kwa namna iliyopinda kidogo, na anayeishi kando ya mji wetu au amekuja mjini juzi kufanya kazi nzito. Waingereza huwasema Waayalandi, Wafaransa huwasema Wabelgiji, Wabrazili huwasema Wareno, na Wamarekani wa miaka ya 1960 waliwasema Wapolandi kwa wingi hata msomi wa ngano Alan Dundes akaandika makala juu yao mwaka 1971. India husemwa Makalasinga, na kesi ya kutaka vichekesho vyao vidhibitiwe ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2017 ilikataa kuwawekea raia mwongozo wa maadili. Tazama basi Lamu ilivyo machoni pa mtu wa Mombasa: lugha ni moja, lahaja ni nyingine, na punda wako huko kweli.

Davies aliona pia kwamba mjinga huwa na pacha wake, yaani mjanja mchoyo. Waskoti ndio wanaobebeshwa mzigo huo Ulaya, na Bulgaria uko mji wa Gabrovo ambao watu wake husemwa kwamba huwakata paka mikia ili mlango ufungwe haraka wakati wa baridi na joto lisipotee. Wenyewe walifanya busara: tarehe 1 Aprili 1972 walifungua jumba la makumbusho la vichekesho, na paka asiye na mkia wakamfanya alama ya mji. Mimi ni mjukuu wa Mshihiri, kwa hiyo naona nina ruhusa ya kusema kwamba na sisi tungestahili jumba letu hapa Mombasa, lakini sijui nani angelipia madirisha.

Kwa njia ya kufuatilia, Maalim, ushauri wangu ni mwepesi. Chukua kila daftari, ufute jina la kabila, kisha usome tena. Kisa kikisimama bila jina, basi huyo ni msafiri, na pengine utamkuta katika orodha ya Thompson. Kikianguka, kwa kuwa utamu wake wote umo katika matamshi au katika jambo la hapa hapa, basi huyo ni mwenyeji. Kichekesho cha Mkikuyu anayebadilishana "r" na "l" hakikuteremka jahazini. Hakitafsiriki hata Kiarabu.

Kuli Mstaafu, Majengo

Wanangu, mmesema ya vitabu na ni mazuri. Mimi nitasema niliyoyaona bandarini, kwa sababu nadhani mnatafuta mbali kitu ambacho nusu yake kilikuwa Kilindini.

Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kwa ajili yake waliletwa wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India. Njia ile iliyopeleka mizigo juu ndiyo iliyoteremsha watu huku. Baba yangu alikuwa katika mgomo mkuu wa Januari 1947, na alikuwa akisema kwamba mkutanoni alisimama kati ya Mluo na Mkamba, nyuma yao Mdigo, na kiongozi aliyewasemea alikuwa Mkikuyu, Chege Kibachia, na siku zile hakuna aliyemcheka mwenzake kwa matamshi. Mimi nilipoingia kazini, miaka ishirini na kitu baadaye, tulichekana kutwa. Gengi moja lilikuwa na watu wa kila namna chini ya serangi (msimamizi) mmoja, jua linawaka, ngunia za kahawa hazipungui, na ulimi ndio kitu pekee ambacho hakikuchoka. Huyu alisema "silingi", yule akasema "rori", na sisi wa Pwani hatukusalimika: walisema mtu wa Mombasa akianza kuamkia meli ikiwa gatini, salamu humalizika meli imefika Dar es Salaam. Nilicheka, kwa sababu mjomba wangu alikuwa hivyo hasa.

Jambo ambalo Msomaji hakulitaja ni hili. Katika gengi kila aliyesema alisemwa, tena na mtu ambaye baada ya saa moja angekuwa amekushikia upande wa pili wa mzigo. Ukimkera kupita kiasi, gunia lilikuwa zito upande wako. Kisha vikaja vipindi vya redio na televisheni ya taifa, na mzaha ukatoka mikononi mwa wanaojuana. Mnamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyeizungumza Kiswahili cha Kijaluo hadi nchi nzima ikawa inamwigiza? Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015 wapo watu mtaani kwangu ambao ndiyo kwanza walijua. Simlaumu marehemu, kwa kuwa alikuwa bingwa na aliipenda ile sura aliyoivaa. Nasema tu kwamba mtoto ambaye hajawahi kukaa na Mluo mezani aliijua sauti ya Mluo kwa mtu ambaye si Mluo. Ukitafuta jinsi mizaha ilivyosambaa katika Kenya hii, usisahau ile sanduku yenye betri juu ya kabati.

Na moja la mwisho, ambalo silisemi kwa furaha. Neno "wabara" tulilitumia barazani na kazini kwa mzaha miaka nenda miaka rudi: wabara hawajui kupika wali, wabara huoga kwa haraka, na upuuzi mwingine kama huo. Agosti 1997, usiku wa tarehe 13, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Vijikaratasi vilivyosambazwa viliwaamuru wabara waondoke. Ni neno lile lile. Rafiki yangu wa gengi, mtu wa Siaya, alivuka feri na mkewe na watoto watatu na godoro moja, akalala kwangu Majengo usiku kumi na moja. Aliporudi kazini tulifanya kazi kama kawaida, lakini mzaha wa silingi hatukuurudia, wala hakuna aliyeagiza usirudiwe.

Binti Rabai

Shikamoo Mzee, na pole kwa hilo la mwisho. Wengi wetu tuna la kwetu la mwaka ule.

Nakubaliana na Msomaji kuhusu punda, lakini sikubaliani naye kuhusu mnazi. Ukisema kwamba vichekesho ni wasafiri wa kale wasio na kwao, unampa msimuliaji njia ya kunawa mikono, kana kwamba kisa kilimkuta amelala kikamwingia mdomoni. Kile cha mtu wa Pwani mvivu hakikutoka Ugiriki. Kina tarehe na kina ofisi kilimozaliwa.

Mwaka 1907 utumwa ulipoondolewa kisheria katika Pwani ya Kenya, wenye mashamba walitarajia kwamba walioachwa huru wangerudi kesho yake kuomba kazi ya mshahara. Wengi hawakurudi. Walijilimia mihogo na mahindi, wakaokota nazi, wakafanya kibarua walipotaka fedha, wakaacha walipozipata. Kwa wenye mashamba na kwa maofisa wa serikali, jina la mwenendo huo likawa uvivu. Wagiriama nao walikuwa wakilima nafaka ya kuuza hadi nje, wakatakiwa waache mashamba yao wakawafanyie kazi Wazungu, wakakataa. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, alikamatwa mwaka 1913 kwa sababu ya kukataa huko, na Agosti 1914 kaya yao takatifu, yaani ngome yao ya kale msituni, ililipuliwa kwa baruti. Vita vilipokwisha walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe wanaume 1,000 wa kwenda kufanya kazi. Mtu mvivu hapigwi vita ili afanye kazi. Hupigwa vita mtu ambaye ana kazi yake na hataki ya mwingine. Msomi mmoja wa Malaysia, Syed Hussein Alatas, alieleza mwaka 1977 kwamba Wamalei, Wajava na Wafilipino walipewa sifa hiyo hiyo na watawala wao kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo ikiwa kichekesho hiki nacho kilisafiri, basi kilisafiri katika mafaili ya serikali.

Niruhusuni niseme kuhusu mnazi wenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa mgema. Mnazi unaogemwa haukusubiri: lazima ncha ya karara ikatwe asubuhi na jioni, kila siku, hata Idi na Krismasi, la sivyo kidonda hukauka na tembo hukoma. Baba alikuwa na minazi kumi na sita. Alikuwa akitoka kabla ya alfajiri, kisu kiunoni, kibuyu kinaning'inia mgongoni, na miguu yake ilikuwa na sugu katikati ya nyayo kutokana na vile vidato vilivyochongwa kwenye shina. Hesabuni wenyewe: minazi kumi na sita, mara mbili kwa siku. Halafu adhuhuri hujinyosha kivulini nusu saa, na hapo ndipo apitapo mtu wa kichekesho akamwona.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kuhojiwa kazi katika hoteli moja ya ufuo, ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunazungumza vizuri hadi meneja alipoangalia fomu, akaona ninakotoka, akauliza kwa kucheka kama nitaweza kuamka mapema au niletewe mnazi wa kulalia. Wote mezani walicheka. Mimi nilitabasamu, jambo linaloniuma hadi leo zaidi ya kukosa ile kazi. Tunayo sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa, iliyotungwa baada ya watu 1,133 kuuawa katika ghasia za uchaguzi, na kifungu chake cha 13 humtisha mwenye matamshi ya chuki kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Mwaka 2022 tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, "madoadoa" na "kwekwe" yakiwemo. Nayaunga mkono hayo. Lakini katika orodha ile hapakuwa na meneja anayecheka.

Mdigo wa Ng'ambo

Naandika nikiwa Tanga, ingawa nusu ya ukoo wangu iko Kwale na Likoni. Nitasema machache tu, kwa kuwa naona mnazungumza kana kwamba mzaha wa kabila kwa kabila ni wa namna moja.

Huku kwetu kuna utani, na utani una sheria zake. Mnyamwezi na Mzaramo, Msukuma na Mngoni, wakikutana wana haki ya kutukanana mchana kweupe, na wazee huueleza kwa vita vilivyokwisha kwa mapatano na kwa misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipopita katika nchi za watu wakielekea Bagamoyo na kuhitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Mwingereza R. E. Moreau, aliyejulikana kwa kuchunguza ndege pale Amani milimani Usambara, aliacha ndege kidogo akaandika juu ya utani mwaka 1941, na mwaka mmoja kabla yake mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alikuwa ameandika makala yake mashuhuri juu ya mahusiano ya namna hiyo. Mtani huja msibani, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akaingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yanatiririka. Lakini huyo huyo mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayebeba maji, na ukifiwa ugenini ndiye ndugu yako.

Pwani nzima tunao utani wa babu na mjukuu pia. Bibi yangu aliniita "mume wangu asiye na faida" hadi alipofariki, na nilipomwoa mke wangu alidai mahari ya kuachwa, tukampa doti ya kanga. Gengi la Mzee wa Majengo lilikuwa karibu na utani, maana palikuwa na kurudishiana na palikuwa na gunia. Meneja wa Binti Rabai hakuwa mtani wa mtu. Alitukana bila kudaiwa kitu.

Msomaji wa Makadara

Binti Rabai amenisahihisha, nami nakubali. Kipimo changu cha kufuta jina kinafaa kwa vichekesho vya ujinga, ambavyo ni kama kiti kitupu: anayekaa juu yake hubadilika na kiti hubaki. Kwa uvivu hakifai, kwa sababu jina ndilo lililotangulia, kwa shauri la kazi na mshahara, na visa vikatungwa baadaye kulihudumia. Nashuku uchoyo wa Mhindi na wa Mshihiri nao ni wa mkondo huo: mwenye duka anayeandika deni daftarini huonekana mchoyo kwa kila anayedaiwa. Babu yangu alikuwa na duka la namna hiyo Mwembe Kuku, na lile daftari tunalo. Madeni mengi humo hayakupigwa mstari hata mmoja, na hakuna kichekesho kilichotungwa juu ya wasiolipa.

Maalim, wape wanafunzi kazi nyingine. Wasiandike kichekesho tu, bali waandike pia nani aliwasimulia, wapi, na nani mwingine alikuwapo akisikiliza. Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wakusanyaji wengi husahau kuiuliza.

Mwalimu wa Kisauni

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Majengo shikamoo. Nimewasomea wanafunzi majibu yenu, isipokuwa habari ya Likoni, ambayo niliieleza kwa maneno yangu kwa sababu yumo darasani mtoto ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa waliohama. Yule msichana aliyeniuliza ni nani aliyevitunga aliomba nimwandikie namba 1288A ubaoni, akainakili, akasema ataipeleka nyumbani kwa baba yake, ambaye ni Mluhya na amesimuliwa kisa cha kuku mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, akiwemo yule wa kwapani. Darasa lilicheka, naye alikuwa wa kwanza kucheka.

Nimefanya pia kazi niliyowapa. Juzi usiku nilirudi barazani nikamwuliza yule mzee wa punda, kwa adabu, kwamba kisa chake alikipata wapi. Alisema alikipata kwa mjomba wake, nahodha wa jahazi mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa akiwasimulia mabaharia usiku wakisubiri kusi. Nikamwuliza kama mjomba naye alisema mjinga yule alikuwa mtu wa Lamu. Mzee akatazama huku na huku, akashusha sauti, akasema hapana: katika kisa cha mjomba, mwenye punda alikuwa mtu wa Mombasa. Nilipotaka kujua kwa nini basi alikigeuza, alinionyesha kwa kidevu wale waliokaa barazani, wote Wamvita, wenyeji wa Mombasa, akaniuliza ningetaka kahawa yake ailipie nani.